Usiku, Ardhi ya Murangi Hupumua kwa Mikupuo

Kabla ya jua kuchomoza, moshi wa majiko ya kuni katika vijiji vya Murangi, mkoani Mara kando ya Ziwa Victoria, hupanda mita chache juu ya paa, hapo hapo ukasita, ukajilaza. Kisha hutambaa taratibu ukifuata mteremko kuelekea ziwani. Njoo saa tano asubuhi: kuni ni zilezile na sufuria ni ileile, lakini moshi ukitoka tu umeshatawanyika na jicho haliuoni tena. Mpishi hajabadilika. Kilichobadilika ni hewa iliyo juu ya paa lake.

Watu wa mwambao, kuanzia Suguti na Murangi hadi Bukima na Majita yote, wanaujua mgawanyo wa siku kwa upepo. Usiku upepo wa nchi kavu huelekea ziwani, na wavuvi wa dagaa hutoka nao. Mchana ziwa hurudisha upepo wake nchi kavu. Kisichozungumzwa sana ni kile kinachotokea juu ya ardhi katikati ya usiku, pale upepo unapoonekana kukata kabisa. Haukati moja kwa moja. Hulala, hushtuka kwa dakika chache, hulala tena. Katika mishtuko hiyo mifupi ndipo joto, mvuke, moshi na hewa ukaa hupata njia ya kutoka ardhini kwenda juu. Mishtuko hiyo wanasayansi wa hali ya hewa huiita msukosuko wa vipindi, na umewasumbua kwa miongo mingi kwa sababu unavuruga vipimo vyao. Mimi naona unatuhusu zaidi sisi tunaovuta hewa hiyo.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalitarajii: hewa iliyotulia kabisa haisafirishi kitu kwa haraka. Mvuke unaotoka kwenye shamba lililolowa, ukiachiwa utembee wenyewe molekuli kwa molekuli, ungehitaji saa kadhaa kupanda mita moja tu. Maisha juu ya nchi kavu yangekuwa magumu mno kwa mwendo huo. Kazi ya kubeba hufanywa na msukosuko, yaani mizunguko ya hewa ya kila ukubwa, kuanzia ile yenye upana wa kilomita hadi ile ya milimita. Mzunguko mkubwa huzaa midogo, midogo huzaa midogo zaidi, mpaka nguvu yote inaishia kuwa joto dogo lisilohisika.

Mchana mizunguko hii haina shida ya kuzaliwa. Jua hupasha udongo na mawe, vinapasha hewa inayovigusa, na hewa hiyo ikiwa nyepesi hupanda huku nyingine ikishuka kuchukua nafasi yake. Kufikia alasiri, katika nchi za joto, tabaka la hewa inayochanganyika huweza kufikia kimo cha kilomita moja hadi mbili. Karibu na ziwa huwa fupi kiasi, kwa kuwa upepo wa ziwani huingiza hewa ya ubaridi chini ya ile ya moto, lakini bado ni chumba kikubwa cha kutupia moshi.

Jua likizama mambo hugeuka. Ardhi isiyofunikwa na mawingu huachia joto lake lielekee angani, ikapoa haraka kuliko hewa. Hewa inayoigusa nayo hupoa na kuwa nzito. Sasa nzito iko chini na nyepesi iko juu, na mpangilio huo haupendi kuvurugwa: hewa ikijaribu kupanda hurudishwa chini na uzito wake wenyewe. Mizunguko hudhoofika, na katika usiku wa anga safi na upepo hafifu hufa karibu yote. Tabaka linalobaki likigusana na ardhi huweza kuwa na unene wa makumi machache ya mita. Kilicho juu yake kimejitenga nalo kwa muda.

Lakini upepo wa juu haujalala. Ukiwa umeachana na msuguano wa miti, mawe na nyumba, unaendelea na safari yake na hata kuongeza kasi. Chini hewa imesimama, juu inakimbia. Tofauti ya kasi kati ya matabaka hayo mawili hukua, na mwisho wake huchana ule mpangilio wa utulivu. Mizunguko hulipuka, hewa ya juu hushuka, ya chini hupanda, majani hutikisika, na kipimajoto kilichokuwa kikishuka tangu magharibi hupanda ghafla. Dakika chache baadaye tofauti ya kasi imekwisha, ardhi inaendelea kupoa, na utulivu unarudi. Atakayetaka picha ya jambo hili aangalie sufuria ya uji mzito jikoni: juu umetulia, chini mvuke unajikusanya, mara unapasuka mahali pamoja, unafunga, kisha unapasuka kwingine. Huwezi kusema utapasuka wapi, lakini unajua utapasuka.

Mwingereza Lewis Fry Richardson ndiye aliyelipa jambo hili hesabu mwaka 1920. Alilinganisha nguvu mbili zinazoshindana: uzito wa hewa baridi unaozuia mchanganyiko, na tofauti ya kasi ya upepo inayoulazimisha. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata namba inayobeba jina lake hadi leo. Ikishuka chini ya robo hivi, utulivu hauna tena uhakika wa kudumu. Ingekuwa rahisi kama usiku ungetii namba hiyo. Hautii kila mara. Mwezi Oktoba 1999 watafiti wa taasisi nyingi walikusanyika Kansas, Marekani, wakasimamisha mnara wa mita 60 na vifaa vingine vingi tambarareni ili kufuatilia hewa ya usiku hatua kwa hatua. Waliona kuwa mishtuko ina vyanzo vingi: wakati mwingine upepo wa juu, wakati mwingine mawimbi yasiyoonekana yanayosafiri ndani ya hewa yenyewe, wakati mwingine hewa baridi inayoteremka kutoka miinuko ya jirani. Msukosuko mwingine ulianzia juu ukashuka, kinyume cha kawaida ya vitabu.

Hapa kwetu kuna chanzo cha ziada ambacho Kansas hawana: Ziwa Victoria. Lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu hubaki na joto la takribani nyuzi 24 hadi 26 mwaka mzima. Usiku, nchi kavu inapopoa, maji hubaki na uvuguvugu wake. Kwa hiyo juu ya ziwa hewa ya chini ndiyo yenye joto na ya juu ndiyo baridi, yaani kinyume kabisa cha hali ya nchi kavu iliyo hatua chache tu kutoka majini. Katika ziwa jirani la Tanganyika, Piet Verburg na Jason Antenucci walichapisha mwaka 2010 uchambuzi unaoonyesha kuwa hewa juu ya ziwa hilo haitulii mwaka mzima, kwa sababu maji kwa kawaida ni ya joto kuliko hewa, na kwamba hali hiyo huongeza joto na mvuke unaotoka ziwani. Kanuni ya fizikia haibadiliki ukihamia Mara. Kwenye mwalo mmoja usiku mmoja, ziwa linachemsha hewa bila kupumzika, na ardhi inapumua kwa kushtukiza.

Ndiyo maana mvuke wa Ziwa Victoria hauogopi usiku. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka huondoka kwa mvuke, si kwa Mto Nile. Pepo za nchi kavu za pande zote hukutana juu ya maji usiku, zikabeba mvuke huo juu, na hapo huzaliwa dhoruba za alfajiri ambazo kila mvuvi wa dagaa anaziheshimu. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walionyesha katika jarida la Nature Communications kwamba dhoruba kali za usiku juu ya ziwa hili zitaongezeka kadiri dunia inavyopata joto, na kwamba radi za alasiri nchi kavu ni dalili muhimu ya kinachokuja ziwani usiku. Dhoruba hizo zinapomwaga mvua, hewa baridi hutoka chini yake kwa kasi na kusambaa pande zote. Ikifika nchi kavu, ule utulivu wa usiku huvunjika mara moja. Mtu aliyelala nyumba ya bati hulijua pigo hilo la upepo hata bila kutoka nje.

Sasa turudi kwenye moshi, maana hapa ndipo fizikia inapoingia kifuani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nishati chafu ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto chini ya miaka mitano. Nimonia kwa watoto, kiharusi, magonjwa ya moyo na mapafu yanayoziba polepole kwa akina mama waliopika miaka 30 kwenye mafiga: orodha hii wahudumu wa zahanati zetu hawahitaji kusomewa. Serikali ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni mkakati mzuri, na kubadili jiko ndiyo tiba yenyewe. Ila mpaka gesi na umeme vifike kila jiko la Murangi kuna miaka ya kupita, na katika miaka hiyo saa ya kuwasha moto ina uzito ambao hauzungumzwi vya kutosha.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Tuseme saa nane mchana moshi wa kijiji unachanganyika hadi kimo cha mita 900, na saa kumi na moja alfajiri unachanganyika hadi mita 30. Moshi ni uleule lakini chumba kimepungua mara 30. Hapo hujahesabu upepo wa mchana unaoubeba mbali. Na kwa kuwa hewa baridi huteremka kama maji kufuata mabonde, moshi wa alfajiri haubaki kwa aliyeuwasha. Huenda kwa jirani wa chini, kisha kwenye makazi ya mwaloni.

Halafu kuna udanganyifu wa wastani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chembechembe ndogo za moshi, zile zisizozidi mikromita 2.5, zisipite mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Wastani huo una kazi yake kwenye sheria na takwimu. Lakini kijiji cha wapishi wa kuni hakivuti wastani. Kinavuta hewa safi kiasi mchana kutwa, na hewa nzito sana alfajiri na jioni, saa ambazo mama yuko jikoni na mtoto yuko mgongoni. Ukiweka kipimo na kusoma namba moja ya siku, utaona kijiji kinachoendelea vizuri. Ukisoma kila dakika kumi, utaona namba zikirundikana kuanzia magharibi, zikiporomoka ghafla pale hewa inaposhtuka, kisha zikianza kupanda upya. Mshtuko wa dakika tano unaweza kusafisha kilichojikusanya kwa saa nzima. Usiku usio na mshtuko hata mmoja ndio wa kuogopwa.

Kanuni hiyo inawahusu pia wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama, na kwingineko Mara. Dhahabu iliyoshikwa na zebaki ikichomwa wazi hutoa mvuke unaoshambulia ubongo na figo. Kuichoma bila retoti, yaani chombo kilichofungwa cha kunasa mvuke huo, ni hatari saa yoyote. Kuichoma karibu na nyumba wakati hewa imelala ni kuwagawia waliolala.

Mbu nao wana hesabu zao na hewa hii. Mbu wa malaria, hasa Anopheles gambiae na Anopheles funestus, huuma zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, na hutupata kwa kufuata hewa ukaa tunayotoa na harufu ya ngozi zetu. Hewa ya kawaida ina hewa ukaa asilimia 0.04 hivi, na pumzi ya binadamu ina karibu asilimia 4, mara mia moja zaidi. Pumzi hiyo ikitoka dirishani haisambai sawasawa. Msukosuko huichana kuwa nyuzi nyuzi, na mbu hupambana na harufu inayokuja na kukatika. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa mbu hawasumbuliwi na mkatiko huo. Kinyume chake, hewa ukaa inayokuja kwa vipande huwachochea kuruka dhidi ya upepo kuliko ile inayowazunguka bila kukoma, kwa sababu pua iliyozoea harufu huacha kuisikia. Kinachowashinda ni upepo wenyewe ukizidi. Mbu huruka kwa kasi ya mita moja hivi kwa sekunde, na upepo unaopita hapo humtupa nje ya njia yake. Hapa ndipo feni, kwa mwenye umeme, inapofanya kazi zaidi ya kuleta ubaridi. Asiye nayo ana chandarua, na chandarua hakitegemei hali ya hewa.

Usidhani elimu hii ni ya magonjwa tu. Tazama dagaa wanavyoanikwa. Wakitandazwa mchangani, wanalala ndani ya tabaka jembamba la hewa ambapo msuguano wa ardhi umekula karibu kasi yote ya upepo, mvuke unaotoka mwilini mwao unarundikana juu yao, na ukaukaji unachelewa. Wanyanyue kwenye chanja zenye wavu, kimo cha kiuno tu, wanapata upepo wenye nguvu zaidi, hewa inapita juu na chini, na mchanga hauingii. Samaki waliochelewa kukauka hushikwa na ukungu na kuoza, na mama anayeuza dagaa anajua bei inavyoshuka hapo. Muhogo wa makopa hufuata sheria ileile. Kama anga limefunga na upepo umelala, hakuna ujanja wa kuanika utakaomaliza kazi ya siku moja kwa siku moja.

Msukosuko wa vipindi una mkono wake hata katika biashara ya kaboni, inayozungumzwa sana tangu Tanzania ilipotoa kanuni zake mwaka 2022. Ili kujua msitu, mbuga au kinamasi kinameza hewa ukaa kiasi gani, wataalamu husimamisha mnara wenye kipimaupepo cha mawimbi ya sauti na kipima gesi. Vifaa hivi husoma hewa mara 10 hadi 20 kila sekunde: hewa hii inapanda au inashuka, na imebeba hewa ukaa kiasi gani? Jumlisha kwa nusu saa, unapata kilichoingia na kilichotoka. Mbinu hii ilitumika kwenye kinamasi cha mafunjo cha Kirinya huko Jinja, Uganda, kando ya ziwa letu hilihili, na ikaonyesha jinsi mafunjo yanavyomeza kaboni kwa kasi.

Shida ni usiku. Udongo na mimea vinaendelea kutoa hewa ukaa giza likiingia, lakini msukosuko ukiwa umelala, gesi hiyo haifiki juu ya mnara. Inarundikana chini au inateremka bondeni kimyakimya, na mnara unaandika kwamba hakuna kilichotoka. Mwaka 1996 Michael Goulden na wenzake, wakipima msitu wa Harvard huko Massachusetts, walilikabili tatizo hili kwa kuzitupa saa zote za usiku ambazo msukosuko ulikuwa chini ya kiwango fulani, na kujaza pengo kwa makadirio ya usiku wenye upepo. Karibu dunia nzima imeifuata njia hiyo. Ni njia ya busara, lakini ina maana kwamba sehemu kubwa ya vipimo vya usiku hukadiriwa. Asiyerekebisha kosa hili ataona msitu unameza kaboni nyingi kuliko ukweli, na atauza asichokuwa nacho. Minara ya aina hii barani Afrika ni michache mno ukilinganisha na Ulaya au Marekani. Mwambao wa Mara, wenye ziwa linalochemka upande mmoja na bonde kama la Bugwema linalokusanya hewa baridi upande mwingine, ungewapa watafiti kazi ya miaka mingi.

Liko jambo moja la asubuhi ambalo huwashangaza hata wanaojua haya. Mtu angetarajia jua likichomoza hewa isafike mara moja. Haiwi hivyo. Moshi uliopanda usiku na kukwama mita 50 au 100 juu hubaki pale ukisubiri. Jua linapopasha ardhi, mizunguko huanza chini na kukua kuelekea juu, na inapolifikia tabaka lile la moshi hulishusha lote ardhini kwa pamoja. Kwa hiyo kati ya saa moja na saa tatu asubuhi hewa inaweza kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa saa kumi na moja, kabla haijawa nzuri.

Ni saa ileile ambayo wanafunzi wa shule nyingi za msingi wamefika, wameshika fagio, wamekusanya majani na makaratasi, na wamewasha moto wa takataka nyuma ya madarasa kabla ya kengele. Wanaingia darasani na moshi nguoni, na moshi wenyewe unaingia nao. Walimu wakuu wanaweza kulibadilisha hilo bila bajeti: majani yaende kwenye shimo la mboji, na kile kisichoweza kuoza kisubiri hadi saa nane mchana, upepo wa ziwani ukiwa umesimama imara na madarasa yakiwa upande unakotoka upepo.